Sahani ya Sita

Katika jiko la hospitali alikofanya kazi walimwita Mama Vipimo, naye jina hilo hakulikataa. Wali wa wagonjwa mia mbili na kumi aliupakua kwa upawa mmoja tu, ule wenye mpini uliofungwa waya, na mtu angechukua sahani ya kwanza na ya mwisho akazipima kwenye mizani, asingeona tofauti. Wapishi wenzake walimtania.

"Huyu hata mvua ikinyesha anaipimia," alisema mpishi wa uji.

Yeye alicheka kidogo, akaendelea kupakua.

Kazi yake ilianzia kwenye fomu. Kila alasiri wauguzi walileta idadi ya vitanda vyenye watu, naye akajaza mistari: wodi, watu, chakula, kiasi. Mtunza stoo, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakupokea fomu yenye mstari mtupu. Wodi ikifungwa ili ipakwe rangi, andika sifuri, usiache wazi. Jambo jingine lilijulikana bila kuandikwa popote: wapishi hawamo kwenye fomu. Mpishi hula kwenye sufuria, ukoko na mchuzi uliobaki, akiwa amesimama. Miaka kumi na saba Mama Vipimo alikula hivyo, kazini na nyumbani, na hakuna aliyeona ajabu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Nyumbani alikuwa na daftari lililopigwa mistari kama ile fomu. Mwanzoni mwa kila mwezi alilijaza mpaka tarehe ya mwisho. Mumewe alimwacha tu. Yeye alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha viatu, mtu wa maneno machache, na watu wote mpaka mama yake mzazi walimwita Fundi. Watoto walikuwa watatu. Wa kwanza, binti wa miaka kumi na miwili, walimwita Karani kwa sababu hakuna risiti iliyoingia nyumbani asiikague. Wa pili alikuwa Mchwa, mvulana wa miaka minane aliyekula kimyakimya mpaka sahani inang'aa. Wa mwisho, Kitinda, alikuwa na miaka minne. Bibi yao, mama yake Fundi, aliishi nao, goti lake moja limekufa lakini ulimi wake u mzima.

Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa mafao yao yanashughulikiwa. Badala ya mafao kila mmoja alipewa bahasha yenye tiketi ya familia: siku tatu katika bustani ya burudani, ile yenye treni inayopanda mlima wa vyuma, pamoja na kulala. Tiketi hizo zilikuwa zimenunuliwa zamani kwa ajili ya sherehe ya wafanyakazi ambayo haikufanyika. Basi la kiwanda lingewapeleka na kuwarudisha, safari yake ya mwisho. Fundi alijaribu kuiuza tiketi yake, lakini jina lake lilikuwa limeandikwa juu na tarehe imepigwa muhuri. Mama Vipimo alisoma maandishi madogo ya nyuma, neno kwa neno. Chakula hakimo. Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi kupita getini.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema bibi, "lakini huu nao umekuja na pilipili."

Wakati huo nyumba walikuwa wameshaipoteza. Kodi ya miezi minne haikulipwa, na mwenye nyumba, mtu mpole aliyekuwa na shida zake pia, aliwapa mpaka Jumatatu baada ya safari. Ndugu walikaa wakagawana mzigo. Fundi angekwenda kwenye machimbo ya mawe, siku mbili kwa basi, kulala huko huko. Karani angekaa kwa shangazi yake. Mchwa na Kitinda wangekwenda kwa mjomba wao, na bibi kwa mwanawe mdogo. Mama Vipimo alipewa kitanda katika chumba cha wafanyakazi, nyuma ya jiko la hospitali. Kila mmoja alipata pa kulala, na hakuna aliyeweza kusema hawakusaidiwa.

Watoto hawakuambiwa. Mume na mke walilizungumza uani, wakianika nguo.

"Tuwaambie leo yaishe," alisema Fundi.

"Jumapili. Kwenye basi, tukirudi."

"Kwa nini tungoje?"

"Nataka siku tatu, Baba Karani. Siku tatu tukae meza moja, wale washibe, pasiwe na mtoto anayemeza tonge na machozi. Siombi kingine."

Fundi alibana shati kwenye kamba. "Siku tatu zitabadilisha nini?"

"Hakuna," alisema. "Najua."

Pesa ya chakula ilitoka kwenye meza. Ilikuwa meza ya mbao nzito yenye viti sita, aliyoitengeneza Fundi mwenyewe mwaka aliozaliwa Karani, na jirani alitoa elfu sabini na tano bila kubishana. Watoto waliporudi kutoka shuleni wakakuta alama nne sakafuni.

"Meza iko wapi?" aliuliza Karani.

"Imekwenda kwa fundi," alisema bibi haraka.

"Fundi si ndiye baba?"

"Imekwenda kwa fundi mwingine. Mganga hajigangi."

Karani alitazama zile alama nne, akatazama uso wa baba yake. Wiki ile walikula wamekaa kwenye mkeka.

Mama Vipimo alipiga simu bustanini mara mbili kuuliza bei, kisha akaketi na daftari. Asubuhi na jioni wangekula chumbani watakakolala, nje ya geti, mkate na mayai ya kuchemsha ya kutoka nyumbani, na chai kwa birika la umeme. Mchana wangekula mezani, sahani kamili ya wali na kuku, elfu nne. Watu watano, elfu ishirini kwa siku, elfu sitini kwa siku tatu. Askrimu ya watoto, mara moja, Jumamosi: elfu sita. Chai ya bibi baada ya chakula, elfu moja kila siku. Dharura, elfu sita. Ilikaa sawasawa, bila hata senti ya kubaki. Alikagua hesabu mara tatu, akaona ni safi. Kisha, kwa kuwa mkono ulishazoea, akaendelea na mistari iliyofuata mpaka mwisho wa mwezi, akafunga daftari na kulitia mkobani.

Ijumaa saa nne asubuhi walikuwa getini. Ng'ambo ya uzio farasi wa plastiki walizunguka kwa muziki, na treni ilishuka mlima wake watu wakipiga mayowe. Kitinda aliuma kidole kwa furaha. Hawakutembea hata hatua mia, bibi akaketi kwenye ukingo wa maua.

"Nyie endeleeni. Mimi mtanikuta hapa hapa, nimeota."

"Mama, huwezi kukaa juani siku tatu," alisema Fundi.

Palikuwa na kibanda cha kukodisha viti vya magurudumu, elfu sita kwa siku tatu. Mama Vipimo alifungua bahasha. Dharura ilikwisha saa nne na robo ya siku ya kwanza. Akaiandika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya dharura, alijiambia, na hesabu bado ilikuwa nzima.

Walipanda vyote vilivyopandika. Mchwa alipanda treni mara tano, na kila aliposhuka alikuwa amenyooka kama askari, akarudi kwenye foleni. Fundi hakupanda. Alisimama chini ya ile mitambo akisikiliza vyuma.

"Beringi ya gurudumu la tatu imekufa," alimwambia mkewe. "Inalia. Hawaisikii?"

"Waambie."

"Waniulize mimi ni nani?"

Mchana waliingia katika ukumbi wa chakula, mkubwa, mweupe, wenye meza za plastiki zilizofungwa sakafuni. Mama Vipimo aliwatafutia meza ya watu sita kando ya dirisha, akaenda foleni, akalipa, akarudi na trei mbili. Aliweka sahani mbele ya Fundi. Mbele ya bibi. Mbele ya Karani, Mchwa, Kitinda. Akakaa. Hapo akaona mikono yake iko mezani na mbele yake hakuna kitu.

Kwanza alidhani amepunjwa. Akainuka, akaenda dirishani kwa mhudumu, kijana wa kike mwenye kofia ya karatasi.

"Mwanangu, umenipa pungufu."

Mhudumu hakukasirika. Akachukua risiti, akaigeuza imwelekee. "Sahani tano, mama. Umelipia tano."

Mama Vipimo alisoma. Ilikuwa tano. Aligeuka akawahesabu watu wake kwa mbali, midomo ikitembea: Fundi, bibi, watoto watatu. Watano. Alirudia mara ya pili, na bado wakawa watano, ndipo akaelewa ni nani aliyekuwa anahesabu. Jikoni kwake kungekuwa na sufuria, na ndani ya sufuria chakula cha mpishi. Hapa palikuwa na dirisha la kioo, na sufuria ya watu wengine.

"Nikuongezee moja?" aliuliza mhudumu.

Alipiga hesabu palepale. Sahani moja, elfu nne. Dharura imekwenda. Ilibaki askrimu, na watoto walikuwa wameizungumza njia nzima, kila mmoja na rangi yake. Ilibaki chai ya bibi.

"Hapana, mwanangu. Ni sawa. Ni mimi niliyekosea."

Alirudi mezani, akamkatia Kitinda kuku vipande vidogo. Mchwa alikuwa ameshaifuta sahani yake. Kitinda alibakiza vijiko viwili vya wali, na mama yake akanyoosha mkono, lakini Mchwa alifika kwanza.

"Mama huli?" aliuliza Karani.

"Mkate wa asubuhi bado umenikaa hapa," akagusa kifua.

Njaa haikumtisha. Aliwahi kulala nayo siku nyingi kuliko zile alizoweza kukumbuka. Kilichomuuma ni kwamba miaka yote ile hesabu zake zilikuwa na kosa, na hakuna fomu moja iliyorudishwa.

Jumamosi alilipia sahani tano tena, safari hii akijua. Ukumbi ulijaa, wakapata meza ileile ya dirishani. Siku ilikuwa nzuri. Kitinda alikuwa amepanda farasi mweupe, na Fundi, kwa kusukumwa na watoto, alikubali kuingia kwenye vikombe vinavyozunguka akatoka amekamata ukuta. Walicheka njia nzima mpaka mezani. Mama Vipimo aliwatazama wakianza kula, akafikiri: siku moja na nusu imebaki. Ikifika kesho jioni salama, nimemaliza.

Bibi aliweka kijiko chini.

"Mkwe wangu, tangu jana sijaona taya zako zikitembea."

"Nimeshaonja, mama."

"Umeonja wapi? Jiko liko kule nyuma ya kioo na wewe umekaa hapa. Una ulimi wa kinyonga?"

Watoto waliangua kicheko. Mchwa alitoa ulimi wake wote.

Fundi aliangalia meza, akaona sahani tano, na uso wake ukabadilika. "Sahani yako iko wapi?"

"Baba Karani, kula. Kinapoa."

"Kuna kosa la hesabu," alisema Karani, kwa sauti ya mkaguzi aliyokuwa akiitumia kuwachekesha. "Wote mtulie. Lete vitabu tukague."

Kutoka kwenye mkoba wa mama yake, uliokuwa umening'inia kwenye kiti, alichomoa daftari. Mama Vipimo alikuwa na kisu mkono mmoja na kipande cha kuku cha Kitinda mkono wa pili. Alisema, "Liache," lakini alilisema kama anavyolisema siku zote, na siku zote Karani haliachi.

"Ijumaa, watu watano," alisoma. "Jumamosi, watu watano. Baba, bibi, mimi, Mchwa, Kitinda. Mama! Umejisahau!"

Walicheka wote. Fundi naye alicheka, cheko fupi la kukohoa ambalo mkewe alikuwa hajalisikia tangu kiwanda kifungwe. Bibi alipiga meza.

"Mwaka wa kumi na ngapi huu unapima watu, wewe mwenyewe hujajipima!"

"Jumapili, watu watano," Karani aliendelea, akageuza ukurasa huku akicheka. "Jumatatu, watu sifuri."

Akainua macho. "Mama, Jumatatu hatuli?"

Mama Vipimo aliweka kisu chini. Alikumbuka mkono wake ukiandika ile sifuri, na ya pili chini yake, na ya tatu, zote zimekaa vizuri katikati ya mistari. Mstari haukutakiwa kuachwa wazi. Hakufikiri zaidi ya hapo.

"Jumatatu mama yako ana zamu," alisema bibi. "Lete hilo daftari, chakula kinapoa."

"Jumanne sifuri. Jumatano sifuri." Sauti ya mkaguzi ilikuwa imekwisha. Alishuka na kidole mpaka mwisho wa ukurasa, akageuza, akashuka tena. "Mwezi mzima ni sifuri."

Treni ilishuka huko nje, watu wakapiga mayowe.

"Meza haikwenda kwa fundi," alisema Karani.

Fundi alifuta mikono yake kwa karatasi, kidole kimoja kimoja, kama alivyofuta grisi. Akamtazama mkewe. Mama Vipimo alitikisa kichwa, kisha akaacha kutikisa. Mtama ulikuwa umeshamwagika, na kuku walikuwa wote pale mezani.

Basi Fundi akawaambia. Hakusema maneno mengi wala hakuzunguka. Nyumba inarudi kwa mwenyewe. Nani anakwenda kwa nani. Alipofika kwenye machimbo ya mawe alisema "kazi" tu, bila kueleza ni kazi gani.

"Kwa mjomba kuna mbwa?" aliuliza Mchwa.

"Yupo."

"Anauma?"

"Akikuzoea hakuumi."

Mchwa alifikiri, akashika kijiko, akakitua. Sahani yake ilikuwa nusu, na ndiyo mara ya kwanza mama yake kuona kitu hicho.

"Mpaka lini?" aliuliza Karani.

"Mpaka mambo yakae sawa."

"Lini?"

"Sijui, mama," alisema Fundi. Alikuwa akimwita hivyo tangu alipokuwa mchanga, kwa kuwa alifanana na bibi yake. "Ningejua ningekwambia."

Akaisukuma sahani yake mbele ya mkewe. "Kula."

Yeye akairudisha. "Wewe ndiye unayekwenda kufanya kazi ya nguvu."

"Nimesema kula."

"Sina njaa."

Sahani ikaenda na kurudi katikati ya meza mpaka mafuta ya kuku yakaganda juu ya wali. Bibi alifunika macho kwa kiganja kana kwamba jua linamwumiza, ingawa jua lilikuwa upande mwingine. Kitinda peke yake ndiye aliyemaliza chakula chake, kisha akauliza kama askrimu ni sasa.

Ilikuwa imeandikwa, kwa hiyo ilinunuliwa. Mama Vipimo alisimama kando ya kibanda, akatazama askrimu ya Karani ikiyeyuka na kumchuruzikia mpaka kwenye kiwiko, mtoto akiwa ameishika tu. Nyuma yao, ukumbini, mhudumu wa kofia ya karatasi alikuwa akimwaga sahani nne kwenye pipa. Katika miaka kumi na saba Mama Vipimo hakuwahi kutupa hata upawa mmoja.

Asubuhi iliyofuata walikunywa chai kama watu wanaosubiri basi. Jumapili hawakupanda chochote. Mchwa alisema tumbo linamuuma. Walimsukuma bibi kwa zamu kuzunguka bwawa, akiwa amempakata Kitinda, na ilipofika saa sita wakaingia ukumbini kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda.

"Naenda mimi," alisema Karani, akanyoosha mkono.

Mama yake alimpa bahasha. Zilikuwa elfu ishirini na moja: sahani tano na chai ya bibi. Alimwona akiwa kwenye foleni, kichwa chake kikifika kwenye mabega ya watu, akazungumza na mhudumu kwa muda, akaonyesha kitu, akageuka kumtazama bibi yake. Akarudi mezani mbio.

"Bibi, sahani tupu wanauza elfu moja. Hawatoi bure. Nimebakiwa na ya chai yako."

"Chai nitaikuta mbele ya safari," alisema bibi. "Nenda."

Alileta sahani tano zilizojaa na moja tupu, ya plastiki ya kijani. Akaiweka ile tupu katikati ya meza. Kisha akachukua kijiko. Kutoka sahani ya baba yake alichota vijiko vitatu, akisawazisha kila kimoja kwa kidole kabla ya kumimina. Kwa bibi, vitatu. Kwa Mchwa, vitatu. Mchwa mwenyewe alimsogezea sahani. Kwa Kitinda alichota viwili, akamtazama, akamrudishia kimoja. Kuku alimkata kwa uma, kipande kwa kila mmoja, vipande vya saizi moja. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameona tu, jioni baada ya jioni, tangu alipoweza kufika kwenye sufuria.

Akamwekea mama yake sahani ile. "Kula, mama. Leo umo."

Mama Vipimo alishika kijiko. Aliketi kati ya mumewe na mwanawe wa mwisho, mbele ya sahani yake mwenyewe, na walikuwa wakimtazama wote, kwa hiyo akala. Wali ulikuwa umeiva sana, chumvi pungufu. Alikula tonge la pili, la tatu. Ndipo macho yake, ambayo hayakuweza kuacha kazi hata kwa siku moja, yakapita kwenye meza yakipima. Baba, sawa. Bibi, sawa. Mchwa, sawa. Kitinda, imezidi kidogo. Yakafika kwa Karani.

Kwenye sahani ya Karani kulikuwa na vijiko vinne vya wali na mfupa. Mtoto alikuwa ameinama, akila polepole, kiwiko kimezunguka sahani ili isionekane.

"Karani," alisema mama yake kwa sauti ndogo.

"Nimeshiba, mama. Mkate wa asubuhi bado umenikaa hapa." Akagusa kifua.

Mama Vipimo alitaka kusema kitu. Alitafuta neno, na kila alilolipata lilikuwa lake mwenyewe, alishalitumia. Angemsogezea sahani, na mtoto angeirudisha. Kesho mtoto huyu angekuwa kwenye meza ya shangazi yake, penye watoto wengine wanne, na angejua namna ya kukaa pale bila kuhesabiwa. Hapo ndipo Mama Vipimo alipoinamisha uso wake juu ya sahani ya kijani na kuendelea kula, kwa sababu binti yake alikuwa amelipia kwa tumbo lake, na kuacha kungekuwa kumtukana. Alikula mpaka ikaisha.

Walikaa mezani mpaka wafagiaji walipofika na kuanza kuinua viti vya kando. Hakuna aliyesema tuinuke. Mwishowe bibi alisema goti lake linataka kulala, nao wakainuka. Mchwa aliichukua ile sahani ya kijani, akaifuta kwa shati lake.

"Tumeinunua," alisema. "Ni yetu."

Jumatatu saa mbili asubuhi gari la shangazi lilikuja, na kufikia saa nne mwenye nyumba alikuwa amepokea funguo. Mchana Mama Vipimo alikuwa jikoni. Wagonjwa mia mbili na sita. Wodi ndogo ya watoto imefungwa, akaiandikia sifuri. Alipakua kwa upawa wake wa mpini wa waya, toroli zikaondoka, wenzake wakajikusanya kwenye sufuria kukwangua ukoko.

"Mama Vipimo, njoo, huku pembeni pamekaukia vizuri," alisema mpishi wa uji.

Yeye alikuwa amekwenda kwenye chumba cha wafanyakazi na kurudi na ile sahani ya plastiki ya kijani, aliyoachiwa na Mchwa. Alipakua upawa mmoja, akausawazisha. Akageuza kreti la soda, akaketi, akaiweka sahani magotini. Wenzake walitazamana, wakaacha utani.

Hakula. Alikaa na kijiko mkononi, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeambiwa angoje kidogo. Nyumbani kwake na wanawe ilikuwa desturi, hakuna anayeanza mpaka wote wawe wamepakuliwa. Mvuke uliinuka kwenye wali, ukapungua, ukaisha. Toroli zikaanza kurudi na sahani chafu. Mama Vipimo akainuka, akakimwaga chakula kile ndani ya sufuria ili kisitupwe, akaosha sahani yake, akaenda kuandika fomu ya chakula cha jioni.